Dira ya Redio: Nani Aaminiwe Baharini?

*Kwa zaidi ya nusu karne merikebu zilitafuta njia kwa kitanzi cha waya kilichosikiliza minara ya pwani. Sasa setilaiti zinaghilibiwa, na suala lililowagawanya mabaharia wa zamani limerudi mezani.*

Usiku wa tarehe 8 Septemba, 1923, manowari 14 za Marekani, zote nyepesi na za kasi, zilikuwa zikishuka kutoka San Francisco kwenda San Diego, zimefuatana omo kwa tezi ndani ya ukungu, kwa mwendo wa maili 20 za baharini kwa saa, bila ya yeyote aliyekuwa juu ya sitaha kuiona nchi kavu wala taa ya rasi.

Ilipotimia saa tatu kamili, manowari kiongozi, Delphy, iligeuka kuelekea mashariki, kwa kuwa hisabati za nahodha wake, Donald Hunter, zilisema kwamba Rasi ya Arguello wamekwisha kuipita na kwamba mbele yao umefunguka mlango wa bahari wa Santa Barbara.

Dakika 5 baadaye Delphy ilipanda miamba ya Honda Point, na zile zilizokuwa nyuma yake, kwa vile zilifundishwa kumfuata kiongozi bila ya kuuliza, zikaingia moja baada ya moja katika maangamizi yale yale. Saba hazikutoka tena, na mabaharia 23 walikufa, 20 miongoni mwao wa manowari Young, iliyopinduka katika muda mfupi mno.

Misiba ya miamba na ukungu ni ya kale kama bahari yenyewe. Lakini msiba huu una jambo lililoutenga na mingine, nalo ni kwamba jioni ile ile redio ilikuwa imekwisha kuwaambia ukweli. Kituo cha jeshi la wanamaji kilichokuwa Point Arguello kiliipima sauti ya Delphy kwa kitanzi chake, kikaipasha habari kuwa bado iko kaskazini ya kituo, yaani rasi haijapitwa.

Hunter na mkuu wa kikosi, Kapteni Edward Watson, hawakuikubali habari hiyo. Waliamini mizunguko ya mashine, saa na dira ya sumaku, wakahukumu kwamba waliomo pwani wameupindua mwelekeo, kaskazini wakaifanya kusini.

Chombo chenye majibu mawili

Kabla ya kuwalaumu, ni haki msomaji afahamu kwamba shaka yao haikuzuka hewani, kwa maana kitanzi, kwa maumbile yake, kilikuwa na aibu ya kutoa majibu mawili kwa swali moja.

Kitanzi ni waya uliozungushwa mara kadhaa juu ya kiunzi cha duara au cha mraba, ukasimamishwa wima kwenye mhimili unaogeuzwa kwa mkono. Kikiuelekezea mnara wa redio ukingo wake, wimbi huufikia ubavu mmoja kabla ya wa pili, na tofauti hiyo ndogo huacha umeme wa kutosha kusikika. Kikiuelekezea uso wake, wimbi huzifikia mbavu zote mbili kwa pamoja, nguvu zao hupingana zikafutana, na sauti masikioni mwa msikilizaji hufa.

Ungo ukiuelekeza uso wake kwenye upepo ndipo upigwapo kwa nguvu. Kitanzi ni kinyume chake, kikikabiliana na mnara uso kwa uso ndipo kisiposikia kitu.

Hapo ndipo ilipo siri ya kazi yote. Opereta hakutafuta mahali sauti ilipo kubwa, kwani kilele cha sauti ni kipana, na kitanzi kikigeuzwa digrii kadhaa huku au huko sikio halitambui. Alitafuta mahali sauti inapokatika, kwa kuwa ukimya ni mwembamba, na mtu aliyezoea aliweza kuupata kwa hitilafu ya digrii mbili hivi.

> Opereta hakuitafuta sauti. Aliutafuta ukimya, kwa kuwa sauti ni pana na ukimya ni mwembamba.

Lakini kitanzi kina uso na kisogo, na vyote viwili hunyamaza sawasawa. Ukimya unaosema kuwa mnara uko kaskazini ndio huo huo unaosema kuwa uko kusini. Pwani iliyonyoka haina taabu kubwa, maana upande mmoja ni bahari na wa pili ni nchi kavu, na hakuna merikebu ipitayo milimani. Bali kwenye rasi iliyochomoza, kama ile ya Arguello, maji yako kaskazini na yako kusini, na majibu yote mawili yana sura ya ukweli.

Dawa ilikuwapo: waya wa pili, uliosimama wima na usiobagua upande, ambao nguvu yake ikichanganywa na ile ya kitanzi huiongeza upande mmoja na kuipunguza upande wa pili, hata ukabaki ukimya mmoja tu. Walakini dawa hiyo ilihitaji mtu wa kuitumia na mtu wa kuisadiki, na usiku ule, wa pili hakupatikana.

Pwani isikilize, au merikebu?

Nyuma ya msiba wa Honda kulikuwa na mjadala mkubwa zaidi, uliokuwa umewagawanya wataalamu wa Marekani tangu kumalizika kwa Vita Vikuu vya Kwanza: je, kitanzi kikae nchi kavu, na merikebu iombe kupimwa, au kikae merikebuni, na nchi kavu isimamishe mnara wa kupiga ishara tu?

Jeshi la wanamaji lilishika rai ya kwanza. Lilikuwa na vituo vyake pwani, vilivyojengwa wakati wa vita, pamoja na maopereta waliobobea. Na hoja yake ilikuwa na uzito. Kituo cha nchi kavu hakiyumbi, hakizungukwi na chuma, na hakimgharimu mwenye merikebu hata senti, maadamu ana chombo cha kupigia redio.

Idara ya minara ya taa ilishika rai ya pili, ikimtegemea Frederick Kolster, mtaalamu wa Ofisi ya Vipimo ya Marekani, ambaye tangu miaka ya vita alikuwa akikiunda na kukitengeneza kitanzi cha kuwekwa juu ya merikebu. Mwaka 1921 minara mitatu ya redio ilianza kazi katika njia za kuingilia New York: kwenye merikebu za taa za Ambrose na Fire Island, na kwenye mnara wa taa wa Sea Girt, kila mmoja na ishara yake, ili msikilizaji asichanganye huu na ule.

Ubora wa rai hii ulikuwa wazi kwa kila nahodha aliyewahi kungoja zamu. Kituo cha pwani hupima merikebu moja kwa wakati mmoja, na usiku wa ukungu ndio usiku ambao wote huomba kwa pamoja. Mnara, kwa upande wake, husikilizwa na merikebu mia bila ya mmoja kumzuia mwingine, na nahodha mwenye shaka huweza kuupima tena na tena, mwelekeo ukibadilika kadiri chombo kinavyosonga, mpaka moyo wake utulie.

Fauka ya hayo, kupimwa na pwani ni kupokea neno la mtu usiyemwona. Hunter, lau angekuwa na kitanzi kizuri chini ya mkono wake, angeweza kukigeuza mwenyewe kila dakika chache, akaona kama mnara unasogea kuelekea tezi au bado umesimama mbele ya omo. Na jambo hilo la kusogea, ambalo halihitaji kujua kaskazini wala kusini, lingetosha kumwonya.

Chuma, machweo na ukingo wa pwani

Hata hivyo, walioitetea pwani hawakuwa wakibishana kwa ukaidi mtupu, kwa sababu merikebu ni mahali pabaya pa kuweka sikio. Chuma cha mwili wake, bomba la moshi, milingoti na kamba za waya, vyote hulipokea wimbi na kulitoa tena, vikaupinda mwelekeo, hasa pale mnara unapokuwa katikati ya omo na ubavu.

Kwa ajili hiyo kila kitanzi kilipaswa kusahihishwa: merikebu ilizungushwa polepole mbele ya mnara unaoonekana kwa macho, mwelekeo wa macho ukaandikwa sambamba na mwelekeo wa redio, na hitilafu zikapangwa katika jedwali lililotundikwa karibu na chombo. Kamba moja ya waya ikibadilishwa, jedwali limeharibika.

Kisha kulikuwa na machweo na alfajiri, nyakati ambazo wimbi lililoruka juu na kurudishwa na tabaka za anga huja kuchanganyika na lile lililotambaa juu ya maji, na ukimya uliokuwa mwembamba mchana ukatanuka na kutangatanga. Kulikuwa pia na ukingo wa pwani, maana wimbi likitoka nchi kavu na kuikata pwani kwa mshazari hupinda kidogo linapoingia baharini.

Makosa hayo yote, digrii moja huku na mbili kule, yana thamani yake katika hisabati ya baharini: kwa umbali wa maili 60, digrii moja ni maili moja. Maili moja katikati ya bahari kuu si kitu. Maili moja karibu na mwamba ni uhai.

Vestris na Florida

Kilichouamua mjadala si hoja za wataalamu, bali misiba miwili iliyofuatana kwa miezi miwili tu.

Tarehe 10 Novemba, 1928, merikebu ya abiria Vestris iliondoka bandari ya New York kuelekea Amerika ya Kusini, ikaingia tufani, ikaanza kuinama, na asubuhi ya tarehe 12 ikapiga ishara ya kuomba msaada. Mahali ilipojitaja palikuwa na kosa la zaidi ya maili 30. Merikebu zilizokuja mbio zilitafuta penye maji matupu. Vestris ilizama mchana huo, walionusurika wakaanza kuokotwa usiku wa manane, na watu zaidi ya 100 walipotea, wala hakuna mtoto hata mmoja aliyetoka salama.

Januari 1929, katika Atlantiki hiyo hiyo, merikebu ya mizigo ya Kiitalia, Florida, ilikuwa ikizama, nayo pia haikujua kwa hakika ilipo. Lakini aliyekuwa akiijia ni nahodha George Fried wa merikebu America, ambaye juu ya chombo chake palikuwa na kitanzi, na ambaye mwaka 1926, akiwa nahodha wa President Roosevelt, alikuwa amekwisha kuitafuta kwa njia hiyo merikebu ya Kiingereza Antinoe katika theluji, akawaokoa mabaharia wake 25, ijapokuwa wawili wa kwake walighariki katika kazi hiyo.

Fried hakushughulika na mahali Florida ilipojidhania. Alifuata sauti yake. Maadamu ishara zilikuwa zikisikika, kitanzi kilionyesha zinakotoka, na mabaharia wote 32 wakatolewa hai.

> Vestris ilitafutwa mahali ilipojitaja. Florida ilitafutwa mahali iliposikika.

Katika masika ya mwaka huo huo wajumbe wa mataifa walikutana London kuandika mkataba mpya wa usalama wa roho baharini, na humo ikaamuliwa kwamba kila merikebu ya abiria ya tani 5,000 na zaidi sharti iwe na kitafutio cha mwelekeo. Mkataba wa mwaka 1948, ulioanza kutumika mwaka 1952, ulilishusha sharti hilo hata kwa merikebu za tani 1,600, za mizigo na za abiria zikiwa sawa; na ndiyo maana merikebu kubwa zilizotia nanga Kilindini, Dar es Salaam na Unguja katika miaka ile zilibeba juu ya chumba cha usukani duara la chuma ambalo watu wengi wa pwani waliliona bila ya kuulizia kazi yake.

Vita Vikuu vya Pili vilithibitisha jambo hilo hilo kwa njia ya kikatili zaidi. Vituo vya nchi kavu viliweza kusema kwamba nyambizi ya Kijerumani iko katika eneo fulani pana la Atlantiki. Lakini merikebu za kulinda misafara, zilipowekewa juu ya mlingoti vitanzi viwili vilivyopishana, ambavyo ubunifu wake ulitokana kwa sehemu kubwa na mhandisi wa Kipolandi Wacław Struszyński, ziliweza kuuona kwenye kioo mwelekeo wa ishara ya sekunde chache, zikaiendea nyambizi kabla haijapiga mbizi. Hapo tena, sikio lililokaa karibu na hatari lilikuwa na faida kuliko lililokaa mbali.

Imani iliyopita kiasi

Ingekuwa dhuluma kuiacha habari hapo, kana kwamba waliokikataa kitanzi ndio waliokufa na waliokiamini ndio waliopona.

Tarehe 15 Mei, 1934, merikebu kuu ya abiria Olympic, ya zaidi ya tani 45,000, ilikuwa ikiikaribia Marekani katika ukungu, ikiulenga mnara wa redio uliokuwa juu ya merikebu ya taa ya Nantucket. Njia hiyo ilipendwa na manahodha kwa wepesi wake: elekeza omo kwenye ukimya, uendelee mbele, kisha ukikaribia ujitenge kando. Kitanzi kilifanya kazi yake bila ya kosa, na kwa kuwa hakisemi umbali bali mwelekeo tu, Olympic iliifuata sauti mpaka ikaipiga merikebu ya taa yenyewe na kuizamisha. Katika watu 11 waliokuwamo, 7 walikufa.

Miezi minne kabla ya hapo, merikebu nyingine, Washington, ilikuwa imeikwaruza merikebu hiyo hiyo ya taa, kwa hiyo onyo lilikuwa limetangulia.

Basi kosa la Watson na kosa la Olympic, ijapokuwa yanaonekana yamepeana migongo, yana asili moja. Watson alikuwa na shahidi wa pili, akamkana bila ya kumhoji. Olympic ilikuwa na shahidi mmoja, ikamwendea moja kwa moja pasipo wa kumwuliza umbali. Pande zote mbili zilikuwa na njia ya kuondoa shaka, yaani kupunguza mwendo. Na huko Honda, kwa kuwa kikosi kilikuwa katika mazoezi ya kasi, hata bildi haikutiwa majini kupima kina.

Mahakama ya kijeshi iliyowahukumu maofisa wa Honda, 11 kwa idadi yao, haikuzungukazunguka. Watson, ambaye kwa heshima yake aliibeba dhamana mwenyewe, alipatikana na hatia ya uzembe na akarudishwa nyuma nafasi 150 katika orodha ya vyeo. Wapo waliotaja mikondo ya bahari iliyovurugwa na zilizala kubwa ya Japani ya tarehe 1 Septemba. Lakini mkondo, hata ungekuwa wa ajabu namna gani, ndio hasa kitu ambacho mwelekeo wa redio ungemfunulia Watson.

Setilaiti na mgogoro mpya

Vitanzi viliondoka kwenye sitaha polepole, kwanza kwa kuja kwa rada, kisha kwa mifumo ya Loran, na mwisho kwa setilaiti za GPS, ambazo humwonyesha nahodha mahali alipo kwa nukta moja juu ya kioo, hata mwelekeo wa kupimwa kwa sikio ukaonekana kama kazi ya wazee. Minara ya redio ya zamani, mingi yake, ilipewa kazi mpya ya kutangaza masahihisho ya GPS. Na setilaiti zilipozidi kuwa sahihi, masahihisho nayo yakaonekana hayahitajiki. Marekani ilizima minara yake ya mwisho ya namna hiyo mwaka 2020.

Wanaotaka minara ifungwe wana hoja yao. Kila mnara una gharama ya umeme, ardhi na mafundi, na ni vigumu kumweleza waziri wa fedha kwa nini alipie chombo ambacho hata nahodha mmoja katika elfu hakitazami.

Wanaopinga huitaja Juni 2017, ambapo merikebu zisizopungua 20 katika Bahari Nyeusi, karibu na Novorossiysk, zilikuta vyombo vyao vinazionyesha ziko uwanja wa ndege, nchi kavu. Tangu wakati huo kughilibiwa na kuzibwa kwa ishara za setilaiti kumekuwa habari ya kawaida katika Baltiki, katika Bahari ya Shamu na katika Ghuba, na mbili za mwisho ni njia ambazo merikebu ziendazo bandari za Afrika Mashariki huzipita.

Katika Baltiki, Ujerumani na majirani zake wamekuwa wakijaribu, tangu mwaka 2017, mfumo uitwao R-Mode, unaoitumia minara ile ile ya zamani kwa njia mpya: haupimi mwelekeo kama kitanzi, bali umbali, kwa kulinganisha mawimbi yatokayo minara kadhaa. Ishara yake hutoka karibu na ina nguvu nyingi kuliko ya setilaiti, kwa hiyo kuiziba si kazi nyepesi.

> Mashahidi watatu wa nyumba moja ni shahidi mmoja aliyesema mara tatu.

Hoja ya msingi ya wanaopinga, ambayo mwandishi huyu anaiona kuwa ndiyo yenye nguvu, si kwamba redio ya pwani ni sahihi kuliko setilaiti, maana si sahihi kuliko hiyo. Ni kwamba asili yake ni nyingine. Huko Honda, mashine, saa na dira vilikubaliana, na kukubaliana huko kulimdanganya Hunter, kwa sababu vyote vitatu vilipima mwendo wa merikebu ndani ya maji, wala hakuna hata kimoja kilichojua kama maji yenyewe yanakwenda. Kadhalika leo, ramani ya kioo, saa ya merikebu na chombo kinachowatangazia wengine mahali ulipo vyote hunywa katika kisima kimoja cha setilaiti, na kisima kikitiwa sumu vyote hulewa pamoja.

Kwa nchi zenye pwani, basi, uamuzi si wa kurudisha maduara ya chuma juu ya vyumba vya usukani, bali wa kujua kabla ya kukata mnara ni ushahidi gani mwingine utakaobakia. Mnara ukishauzwa kama chuma chakavu, na kiwanja chake kikagawanywa, kuusimamisha tena ni kazi ya miaka na ya fedha nyingi kuliko zile zilizookolewa. Na kwa nahodha, sharti ni lile lile ambalo mahakama ya mwaka 1923 ilimhukumia Watson: ushahidi wa namna mbili ukipingana, merikebu ipunguze mwendo na bildi itiwe, kwanza, kabla ya kuamua ni upi uliokosea.